Bawaba Katikati ya Mlango

"Binti, bawaba umeiweka katikati ya mlango."

Aliyesema hivyo ni mzee mmoja fundi seremala, mteja wangu wa siku nyingi, akiwa amesimama nyuma ya kiti changu anasubiri kopi tatu za profoma. Printa ilikuwa imekwama karatasi, kama ilivyo desturi yake kila Jumamosi dukani kumejaa watu, nami nikiwa nasubiri ipoe nilikuwa nimerudi Blender, programu ya kutengeneza maumbo ya 3D na katuni kwenye kompyuta, kuhangaika na roboti yangu. Nilikuwa nazungusha mkono wa kulia. Nilitaka unyanyuke kutoka begani, kama trafiki anavyosimamisha magari. Wapi! Ulikuwa unazunguka palepale ulipo: kiganja kinapanda, upande wa bega unashuka na kuingia mbavuni.

Pangaboi tupu.

Mzee hajawahi kushika mausi. Simu yake ni ya vitufe, na risiti zake anaandika kwa kalamu ya seremala, ile bapa. Alitazama kioo kwa muda wa kumeza funda mbili za maji, akasema maneno yake, kisha akaongeza: "Na mgongo wake uko wapi?"

Nikaizungusha roboti. Nyuma kulikuwa kweupe kama ukuta usiopigwa lipu. Akacheka, akalipa mia tisa yake, akaenda zake.

Hiyo ni wiki ya sita sasa. Lile la mgongo nililisahau haraka. Lile la bawaba ndilo lililokataa kutoka.

## Vitufe vitatu

Ukifungua Blender kwa mara ya kwanza inakupokea na mchemraba wa kijivu wenye mita 2 kila upande, taa moja na kamera moja. Karibu kila mwalimu wa YouTube anaanza kwa kukuambia uufute ule mchemraba. Mimi sikuufuta. Niliuonea huruma, nikaufanya kichwa.

Kuanzia hapo unahitaji vitufe vitatu: G ya kusogeza, R ya kuzungusha, S ya kukuza na kupunguza. Ukiongeza Shift+D ya kutoa nakala, una kila kitu kinachohitajika kutengeneza roboti ya anayeanza. Mchemraba kichwa, mchemraba mkubwa kifua, silinda nne za mikono na miguu, tufe mbili macho. Roboti ni moja ya kazi za mwanzo wanazopewa wanafunzi, na naelewa kwa nini. Binadamu ukimkosea pua kila mtu anaona. Roboti ukiikosea pua, unasema ndiyo muundo wake.

Ya kwanza niliimaliza kwa jioni tatu, baada ya kufunga duka. Nilimfuata mwalimu wa video hatua kwa hatua. Akisema bonyeza, nabonyeza. Akisimamisha kupiga chafya, nami nasimama. Ilipoisha ilifanana na ya kwake mpaka rangi ya chungwa kifuani. Nikaiweka status, hongera zikamiminika. Shangazi yangu aliuliza kama naweza kuiweka kwenye kadi ya kipaimara.

Nilivimba kichwa siku mbili nzima.

Programu yenyewe hailipiwi, na hilo lina historia yake. Mwanzilishi wake, Mholanzi Ton Roosendaal, alikuwa na kampuni iliyofungwa na wawekezaji wake. Mwaka 2002 akawaomba watumiaji wachange euro 100,000 ili msimbo ununuliwe na uachiwe watu wote. Fedha zilitimia katika wiki saba. Kila nikiifungua kwenye laptopu yangu yenye bawaba zilizolegea (bawaba tena, ona!), nawakumbuka wale wachangiaji nisiowajua, waliotoa hela ya chombo ambacho mimi nimekitumia kuchora kitu cha kwenye kadi ya kipaimara.

## Trafiki wa Kinshasa

Roboti ya pili sikutaka iwe ya mwalimu. Nilitaka yangu, na nilijua ipi.

Mwaka 2013 picha zilizagaa za roboti za aluminiamu zilizosimamishwa katikati ya barabara za Kinshasa kuongoza magari. Zilikuwa na urefu wa kama mita 2 na nusu, zinatumia umeme wa jua, zina kamera, zina taa nyekundu na za kijani, zinageuza kifua, zinanyanyua mikono. Aliyeongoza kazi hiyo ni mhandisi mwanamke, Thérèse Izay Kirongozi, kupitia chama chake cha wanawake mafundi. Mwaka 2015 zikaongezwa tatu, nazo zikapewa majina: Tamuke, Mwaluke na Kisanga.

Picha ile niliiona nikiwa sekondari, kwenye gazeti lililofungia vitumbua. Nilikuwa nimezoea roboti za filamu, zinazong'aa na kuongea Kiingereza cha puani. Hii ilikuwa na kifua kama friji, miguu minene, na imesimama kwenye jua lilelile la kwetu, chini yake bodaboda. Ilikuwa roboti ya mtaani. Nikaikata, nikaibandika kwenye daftari la fizikia.

Kwa hiyo nilikusanya picha tano, nikazipanga pembeni ya kioo, nikaanza. Kichwa jioni ya kwanza. Kifua jioni ya pili, kingo zake nimezilainisha kidogo ili mwanga uzishike, maana bati halisi halina pembe kali kama wembe. Taa nikazipa rangi inayowaka. Jioni ya nne kwenye picha ya kusimama tu ilikuwa imependeza kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza.

Halafu nikataka inyanyue mkono.

## Jinsi nilivyokuwa nadanganya

Hapa lazima niungame.

Kabla mzee hajaja nilikuwa nimeshaona kwamba mkono unazunguka vibaya, na nilikuwa nimeshapata dawa yangu. Nazungusha mkono, bega linaingia mbavuni, halafu nabonyeza G na kuurudisha mahali pake kwa macho. Nikakuza picha, nikasogeza kidogo, nikasogeza kidogo tena, mpaka bega likakaa begani. Kwa picha ya kusimama huwezi kugundua.

Ila katuni haisimami, ni picha nyingi zinazofuatana, na kila picha inaitwa fremu. Niliweka mkono ukiwa chini kwenye fremu ya 1, ukiwa umenyooka pembeni kwenye fremu ya 24, nikabonyeza kucheza. Mwanzo uko sawa. Mwisho uko sawa. Katikati ya safari kichwa cha mkono kinazama kifuani, halafu kinaibuka tena kama mtu aliyekwenda kuchungulia kitu ndani.

Nilikaa jioni mbili naongeza fremu za kurekebisha. Fremu ya 12, nasogeza. Fremu ya 6, nasogeza. Ya 18. Kila nikiziba tundu moja linafunguka jingine dogo zaidi.

Na wakati wote huo nilijiambia kwamba shida ni laptopu.

## Kitovu

Kila umbo ndani ya Blender lina nukta ndogo ya rangi ya chungwa. Nilikuwa naiona tangu siku ya kwanza, nikidhani ni alama ya kuonyesha umechagua nini. Ile nukta ndiyo mahali umbo linapojijua lilipo. Ukilizungusha, linazunguka kwenye ile nukta. Ukilikuza, linakua kutoka pale.

Mimi naiita kitovu. Sijui wengine mnaiitaje.

Kwetu mtu akiulizwa ni wa wapi hasa, si anapoishi bali kwao, anataja pale kilipozikwa kitovu chake. Anaweza kuhama miji mitano na jibu likabaki lilelile. Umbo la Blender nalo liko hivyo, na kwa anayeanza hapo ndipo penye mtego. Ukilisogeza lote zima, kitovu kinakwenda nalo. Lakini ukiingia ndani yake kwa kitufe cha Tab, ukachagua vipeo vyote, zile nukta za pembeni zinazoshika umbo, na kuvisogeza, mwili unahama na kitovu kinabaki nyuma. Niliwahi kuwa na jicho ambalo kitovu chake kilibaki kwenye goti, na kila nikiligeuza lilikuwa linaruka kama panzi.

Mkono wangu ulikuwa silinda. Silinda inazaliwa na kitovu katikati ya urefu wake. Nikaivuta ikawa ndefu, kitovu kikabaki katikati, yaani kwenye kiwiko hasa. Nilikuwa nategemea mkono ujue kwamba una bega, na hakuna mahali popote nilipouambia.

Bawaba katikati ya mlango.

Kurekebisha ni kazi ya sekunde kumi, na hilo ndilo lililoniuma. Unaingia ndani ya mkono kwa Tab, unachagua vipeo vya duara la juu, pale bega linapoanza. Unabonyeza Shift+S na kupeleka kielekezi hapo, kile kiduara chenye milia myekundu na myeupe ambacho wengi tunakiona miezi mingi bila kujua kazi yake. Unatoka, unafungua menyu ya Object, unaamuru kitovu kihamie kwenye kielekezi. Nukta ya chungwa inaruka kutoka kiwikoni hadi begani.

Kisha R, Y, 90: zungusha, kwenye mhimili wa Y, nyuzi 90.

Mkono ukanyanyuka.

Nilifuta fremu zangu zote za kudanganyia, zilikuwa kumi na moja. Zikabaki mbili. Nikabonyeza kucheza na kuutazama mkono ukipanda na kushuka labda mara arobaini, chai ikapoa, mteja wa pasipoti saizi akagonga meza kwa funguo.

## Mzazi ndiye wa mwisho

Baada ya bega nilijiona fundi, kwa hiyo nikafanya haraka, kwa hiyo nikaharibu.

Ili kiganja kifuate mkono, unakifanya kiwe mtoto wake. Unamchagua mtoto kwanza, mzazi unamchagua mwisho, unabonyeza Ctrl+P. Ukikosea mpangilio, mkono ndio unaokuwa mtoto wa kiganja, na siku ukigeuza kiganja bega lote linakufuata. Nimewahi kufanya kichwa kiwe mzazi wa miguu. Roboti ilisema hapana kwa mwili mzima.

Hilo ni la kuchekesha, unarudisha kwa Ctrl+Z. Lililonitoa jasho ni jingine. Niliupa mkono kiganja, nikakigeuza kiganja kidogo tu, kikalala upande kama boksi la kadibodi lililonyeshewa. Pembe mraba zikawa si mraba tena. Nikakirudisha, kikanyooka. Nikakigeuza, kikapinda.

Sababu ilikuwa kwenye namba ambazo sikuwahi kuzisoma. Ule mkono niliuvuta kwa S kwa upande mmoja tu, kwa hiyo moyoni mwake bado unajiona silinda fupi iliyovutwa: skeli yake, yaani imekuzwa mara ngapi kwa kila upande, ilisomeka 0.3, 0.3 na 1.4. Mtoto anarithi mvutano ule. Akisimama wima sambamba na mzazi huwezi kuuona. Akigeuka pembeni tu, anavutwa kwa mwelekeo usio wake. Dawa ni Ctrl+A juu ya mzazi, kumwambia kwamba ulivyo sasa ndivyo ulivyo, anza kuhesabu 1 hapa. Nilivunja undugu wote kwa Alt+P, nikaandika skeli upya kwa kila kiungo, ndipo nikaunganisha tena familia kuanzia kifuani kwenda nje.

Jioni nzima iliishia hapo. Umeme nao ukakatika saa tatu kasoro, betri ya laptopu ikajikaza dakika nane ikazima. Blender inajihifadhi yenyewe kila dakika 2, kwa hiyo nilipoteza viganja viwili na heshima kidogo.

## Lililonikera hasa

Nimejiuliza kwa nini sentensi ya mzee imenikaa hivi. Kukosolewa nimezoea, mwenye steshenari anakosolewa kuanzia rangi ya wino hadi mwandiko wa serikali.

Nadhani ni hivi. Kwa wiki tatu nilikuwa natengeneza picha ya roboti, nikidhani natengeneza roboti. Umbo nililiona, maungo sikuyaona. Na kwenye picha nilizokuwa nazo maungo hayaonekani, maana kamera inashika bati, haishiki pini iliyo ndani. Mzee hakuona roboti kabisa. Aliona ubao unaozunguka mahali pasipostahili, jambo ambalo amelikataa maisha yake yote kwa kila mwanafunzi aliyepita kwenye karakana yake.

Ila sitaki kumfanya nabii. Siku ileile alisema kwamba kompyuta ni ya nini, ningechora kwa mkono ningemaliza mapema. Alisema pia macho yangekaa juu ya utosi, ili ione mbali. Ukifuata ushauri wa mzee wote unapata konokono.

## Kiwiko

Kiwiko ndicho kilichonipeleka karakanani kwake.

Sina hakika roboti za Kinshasa zinakunja vipi viwiko. Picha zangu hazionyeshi. Yangu nilitaka ikunje, maana mkono ulionyooka muda wote ni kibao cha tangazo. Nikaukata mkono vipande viwili, safari hii vya mraba, kama bomba la bati. Kitovu cha kipande cha chini nikakiweka juu yake, katikati ya uso wa juu, kwa adabu zote nilizojifunza. R, 90. Pembe ya kipande cha chini ikatoboa kipande cha juu. Nikakisogeza chini kidogo, nafasi ikaonekana mkono ukinyooka. Nikakirudisha, kikatoboa.

Jumatatu asubuhi nikaenda. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa, alikuwa anabishana na mteja kuhusu rangi ya vanishi, mteja anasema aliagiza ya mninga, yeye anasema hiyo ndiyo mninga. Nikasogea kwenye kabati lililoegemezwa ukutani, nikafungua mlango wake. Nikaufunga. Nikaufungua tena polepole na kuchuchumaa usawa wa bawaba.

Pini ya bawaba haiko katikati ya unene wa ubao.

Iko nje. Inajitokeza mbele ya mbao zote mbili, ule mgongo mdogo wa duara ambao ukipita na kanga unakwama. Nimefungua milango maisha yangu yote na sijawahi kujiuliza kwa nini haukufichwa ndani. Ukifichwa ndani, ukingo wa mlango utagonga fremu kabla haujafika popote. Ukiwa nje, mlango unageuka mpaka unalala bapa juu ya ukuta, na upande wa pili unaacha pengo, lile pengo linalobana vidole vya watoto.

"Utailegeza hiyo," mzee akasema kutoka kule kwenye vanishi.

"Naangalia tu, mzee."

"Angalia kwa macho."

Nikarudi dukani. Nikakihamisha kile kitovu kutoka katikati ya uso hadi kwenye ukingo wa mbele, mahali vipande viwili vinapogusana kwa nje. R, 90: safi. 120: safi. 180, na kipande cha chini kikalala bapa juu ya kile cha juu bila kukikwaruza, kama mlango juu ya ukuta. Nyuma ya kiwiko, mkono ukikunjwa, pengo likafunguka vilevile. Nikalizibia kwa silinda, kipande kinene kinachofanana na goti la pikipiki, na ajabu ni kwamba sasa ndicho kinachoifanya roboti ionekane ya kweli kuliko taa zote nilizozihangaikia.

Picha ya mwisho nilitaka kuitoa kwa Cycles, ile njia inayofuatisha mwanga mmojammoja. Mashine yangu ilipiga kelele kama jenereta ya harusini, na kufika asubuhi ilikuwa haijafika nusu. Nikabadilisha kwenda Eevee, njia nyingine ya Blender iliyo nyepesi zaidi. Sekunde kumi na mbili. Kivuli chini ya mkono si sahihi sana, na sitamwambia mtu.

## Profoma nyingine

Juzi mzee amerudi, profoma ya meza sita za shule. Printa ilikuwa nzima, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Nilimwita mwenyewe aje nyuma ya kaunta aone. Kifua kikageuka, mkono wa kulia ukanyanyuka, kiwiko kikakunja, taa nyekundu ikawaka. Akatazama mara mbili. Akanyoosha kidole mpaka kikagusa kioo, pale kwenye ile silinda ya kiwiko, akaacha alama ya gundi ya mbao ambayo mpaka leo sijaifuta.

"Hapo sawa," akasema.

Kisha akainamisha kichwa pembeni, kama mtu anayetaka kuchungulia nyuma ya kompyuta.

"Mgongo?"

"Bado, mzee."

Picha zangu zote tano zimepigwa kwa mbele.